Mbavu Zinamuuma

Mwaka ambao ziwa lilipanda na kuanza kula makaburi ya chini, yale ya karibu na soko la samaki, kamati ya makaburi ilibandika tangazo kwenye ukuta wa choo cha soko. Lilisema marehemu wote watahamishiwa juu, nyuma ya uwanja wa mpira, na lilianza kwa maneno "Kwa wakazi wote wanaohusika". Kabla ya saa sita mchana mtu alikuwa ameandika chini yake kwa kalamu ya bluu kwamba wakazi wanaohusika hawana macho, sasa tangazo asome nani.

Mimi nilichukuliwa kuwa mkalimani. Karibu nusu ya waliozikwa pale ni watu wa kwetu, waliovuka kutoka Kongo na kufia upande huu, na ndugu zao wanasema Kiswahili cha Katanga. Wengine ni wenyeji wa kando ya ziwa, wanaosema Kibemba nyumbani na kutoa Kiswahili wakati wa kuuza samaki tu. Mtaalamu wa mifupa aliyeletwa kutoka Lusaka alisema Kiingereza na Kinyanja. Ukiwaweka watu hao kwenye shimo moja bila mkalimani, mtu atarudi nyumbani na babu asiye wake. Hilo lilitokea mara moja hata mimi nikiwepo, na babu ilibidi afuatwe kwa baiskeli.

Watu walimngojea mtaalamu mwanamume, mrefu, mwenye koti jeupe. Alishuka mama mfupi mwenye buti za mpira na mfuko wa karanga za kukaanga, ambazo alizitafuna kutwa nzima, mkono mmoja ukiwa na glavu na mwingine bila. Mchungaji mmoja alimuuliza kama haogopi kukaa na wafu. Akajibu kwamba tangu aanze kazi hiyo hakuna maiti aliyewahi kumwibia simu. Nilitafsiri jibu hilo kwa lugha mbili, na kutoka siku hiyo alipewa kiti kila alipokwenda.

Utaratibu ulikuwa hivi. Familia inakuja na kitu cha kusaidia kumtambua mtu wao: kipande cha msalaba, rangi ya nguo aliyozikwa nayo, jino la bandia, karatasi za hospitali. Vijana wa kamati wanachimba. Mifupa inapangwa juu ya turubai la bluu kama mtu aliyelala chali, mama mtaalamu anaitazama, anaandika, kisha inaingizwa mfukoni na kupewa namba. Masanduku yaliyosemwa hayakufika, kwa hiyo tulitumia mifuko ya unga, iliyofuliwa. Sasa, Zambia unga wa ugali uko wa aina mbili: rola, ulio mweusimweusi na wa bei ndogo, na brekifasi, uliokobolewa ukawa mweupe. Familia moja ilikataa katakata mzee wao kubebwa katika mfuko wa rola. Kazi ilisimama kwa saa mbili hadi mfuko wa brekifasi ulipopatikana. Kwa habari nilizokusanya, marehemu alikula rola maisha yake yote na alikuwa akiisifu.

Mimi nina tabia ya kuandika kila kitu, na daftari langu la wiki ile limejaa mambo ambayo sikuyajua kuhusu mifupa. Mfupa uliovunjika ukapona hauwi kama zamani. Unaota kinundu mahali pa kuungana, kama fremu ya baiskeli iliyochomelewa na fundi mwenye haraka. Kinundu kipya huwa na mikwaruzo na vitundu. Cha zamani hulainika. Mfupa uliovunjika mtu akiwa anakufa hauna kinundu, kwa sababu hapakuwa na muda. Uliovunjwa na jembe la kijana wa kamati una rangi tofauti pale ulipokatika, na mama mtaalamu aliwaonyesha vijana hao kazi yao mmoja mmoja, kwa jina, bila huruma.

Mfuko wa kumi na moja ulikuwa wa mvuvi. Alikuwa amevunjika mtulinga, kifundo cha mguu, na mkono karibu kabisa na kiganja. Mama mtaalamu alimpenda. Alituita wote tuje tumtazame na akasema huyu alikuwa bingwa wa kuanguka. Mtu anayeanguka hutanguliza viganja, akaeleza, kwa hiyo mkono huvunjika huku chini, karibu na kiganja. Au hutua kwa bega, na mtulinga ukaenda. Mjane wake, aliyekuwa amekaa pembeni juu ya ndoo, alithibitisha kila kitu. Alisema bwana wake alianguka kutoka kwenye boti akiwa amelewa, akaanguka kutoka kwenye paa akiwa hajalewa, na mara moja alianguka akiwa ameketi. Tulicheka naye. Kwa mazishi ya pili, yalikuwa mazuri.

Siku ya tatu alikuja msichana anayeuza vitumbua karibu na maegesho ya boti. Nilimfahamu kwa sura, maana kila Mkongomani anayengoja boti ya visiwani, ya Kilwa au ya Chisenga, amekula vitumbua vyake. Ni mwenyeji, lakini Kiswahili chake cha biashara ni chepesi kuliko cha wengi. Alikuja peke yake na mfuko wa plastiki, ametumwa na mjomba wake, mkubwa wa ukoo wao, kumtambua dada yake aliyefariki miaka mitatu nyuma. Wakati vijana wakichimba nilimuuliza, kama ninavyowauliza wote, mazishi mapya ni lini na nani atakuwepo. Akaniambia ni Ijumaa. Kisha akaniambia kuhusu kikao cha Jumamosi.

Desturi ya hapa ni hivi. Mke akifa, roho yake inabaki kwa mume, na ni ukoo wa mke unaopaswa kuiondoa. Zamani, na kwa watu wengine hadi leo, iliondolewa kwa mume kupewa mdogo wa marehemu, akae mahali pake. Mume wa dada huyu alikuwa amedai haki hiyo tangu siku ya matanga, na ukoo ulikuwa ukimzungusha. Iliposikika kwamba kaburi litafunguliwa, naye akarudi. Alimwambia mjomba kwa ufasaha wa wakili: munafungua kaburi, basi na maneno yangu mufungue. Mjomba aliona ana hoja. Kikao kikawekwa Jumamosi asubuhi, siku moja baada ya mazishi, na msichana wa vitumbua ndiye aliyekuwa ajenda.

"Mayo," aliniambia, yaani mama kwa Kibemba, "dada njo alikuwa namba moya. Sasa banasema miye niko namba mbili. Kama taya ya spea ya motokari."

Nilimuuliza kwa nini asikimbilie mji wa Chienge, ana mikono na kikaango, vitumbua vinaliwa popote. Akasema akikimbia, mama yake atakaa na aibu peke yake mpaka afe. Alisema tena kwamba shemeji yake si mtu anayesemwa vibaya. Hilo nililijua. Alikuwa mchuuzi wa samaki mwenye boti ya injini, anayekwenda visiwani kununua na kuuza kwa Wakongomani, mwimbaji wa besi kanisani, mtu wa kwanza kufika kwenye msiba na wa mwisho kuondoka. Aliwahi kunivusha bure na magunia yangu. Kiswahili chake ni kizuri kuliko cha watoto wangu.

Mifupa ya dada ilitoka safi, kwa sababu mchanga wa pale ni mzuri. Mama mtaalamu aliipanga juu ya turubai, na nilipoona anapanga mbavu moja moja na kuzirudia, nikafungua ukurasa mpya.

Aliuliza marehemu alikuwa akifanya kazi gani. Kukausha samaki na kuuza, msichana akajibu. Aliuliza kama alikuwa na kifafa, au kama alikuwa akinywa. Hapana. Basi hii mifupa familia inasemaje?

Msichana alisema familia inasema dada alikuwa mtu wa kuanguka. Alianguka kwenye ngazi za kanisa. Alianguka akichota maji. Kwa mkwe aliitwa hivyo hivyo, yule anayeanguka, na watoto wa jirani walimwigiza. Alipokufa hakuanguka, alikufa kwa homa, kila mtu aliiona.

Mama mtaalamu alimeza karanga zake na kuniita karibu. Alinionyesha mbavu za kushoto, tatu zenye vinundu. Kimoja kilikuwa laini kama kokoto ya ziwani, viwili vilikuwa bado na mikwaruzo, maana yake mbavu hizo hazikuvunjika pamoja. Akaushika mkono wa kushoto, ule mfupa mwembamba wa upande wa kidole kidogo, uliokuwa na kinundu katikati na kingine juu yake kidogo. Akainua mkono wake mwenyewe mbele ya uso, kama mtu anayejikinga jua, na kugonga pale pale kwa penseli. Mfupa wa shavu la kushoto ulikuwa umeingia ndani na kupona hivyo hivyo. Akavuta mfuko wa kumi na moja, akamtoa mvuvi wetu mkono na kuuweka sambamba. Wa mvuvi ulivunjika chini kwenye kiganja. Huu ulivunjika katikati, mara mbili.

"Mwambie," alisema, "hii mifupa haikuanguka."

Nilimwambia. Mama mtaalamu akaendelea, naye ni mtu wa kupima maneno: mfupa mmoja uliovunjika hausemi kitu, kila mtu ana bahati mbaya yake. Lakini upande mmoja, sehemu zile zile ambazo mtu hupigwa akiwa anatazamana na mwenzake, tena kwa nyakati tofauti, si chini ya mara tano, huo ni mwendo. Hawezi kusema ni nani. Hawezi kusema kilichomuua. Pengine ni homa kweli. Anaweza kusema tu kwamba alivunjwa, akapona, akavunjwa tena. Kisha akauliza kama kuna karatasi zozote za hospitali.

Msichana alifungua mfuko wa plastiki akatoa daftari la shule lenye jalada la kijani, la aina ambayo kila mgonjwa huja nalo zahanati na kurudi nalo nyumbani. Hajui kusoma Kiingereza vizuri, kwa hiyo alinipa mimi.

Hapa lazima nieleze jambo kwa utaratibu, kwa sababu nikilieleza kwa haraka nitajipendelea.

Nilipokuwa na miezi minane tu Zambia, nilipata kazi katika zahanati moja ndogo kando ya ziwa, ambayo nesi wake alitoka kusini na hakujua Kiswahili wala Kibemba. Alihitaji mkalimani wa lugha zote mbili. Nilimwambia ninazijua zote mbili. Kiswahili ni cha mama yangu. Kibemba changu wakati ule kilitosha kuuliza bei ya samaki na kulalamika kwamba ni kubwa. Lakini lugha hizi zina undugu, nilijiambia, na penye giza nitapapasa. Nesi alikuwa na wagonjwa wengi, kwa hiyo malalamiko niliyaandika mwenyewe kwenye daftari la mgonjwa, naye akaandika dawa chini yake.

Nilifungua daftari la kijani nikakuta mwandiko wangu. Kulikuwa na kurasa tatu zenye muhuri wa zahanati ile. Ya kwanza: mbavu zinamuuma. Ya pili, miezi kadhaa baadaye: mkono unamuuma, umevimba. Ya tatu: kichwa kinamuuma, jicho limevimba. Chini ya kila moja, kwa mkono wa nesi, vidonge vya maumivu. Kwenye ukurasa wa tatu na kipimo cha malaria, hana.

Nilimkumbuka. Simkumbuki sura, nasema ukweli. Nilikumbuka sentensi, kwa sababu nilijivunia kuielewa mara moja bila kumwomba arudie. Alishika ubavu akasema: balanguma pa mbafu. Kwa sikio la Katanga hiyo ni sentensi ya Kiswahili iliyovaa kanzu tu. Mbafu ni mbavu. Na uma ni uma, iko katikati pale, inasikika. Kwetu mbavu ikiuma, inauma. Nilimgeukia nesi nikasema, mbavu zinamuuma, na kukaa vizuri kwenye kiti changu.

Kibemba, kuuma ni kupiga.

Mwaka wa pili nilijua hivyo. Mtoto wangu alirudi shuleni akasema mwalimu amemuuma, nikazunguka shule nzima nimekasirika kutafuta alama za meno. Tulicheka sana siku ile, nimeisimulia hadithi hiyo kwenye harusi. Haikunijia hata siku moja kurudi nyuma kuhesabu ni wagonjwa wangapi waliokuwa wamenishikia ubavu.

Na liko jambo jingine. Mke wa hapa hamtaji mumewe kama mtu mmoja. Humtaja kwa wingi, kwa adabu. Kwa hiyo hakusema "mume wangu ananipiga". Alisema "wananipiga mbavuni", na hao wengi walikuwa mtu mmoja mwenye boti. Heshima yake ilimficha mume, na mimi nikamalizia kazi. Alirudi mara tatu. Nadhani alirudi kwa sababu alifikiri tumemwelewa na tunaandaa jambo. Baada ya mara ya tatu hakuja tena. Mama mtaalamu alihesabu kuvunjika si chini ya mara tano; daftari lina tatu.

Mama mtaalamu alikuwa akiningoja nimsomee. Nilimwambia, kwa Kiingereza, kilichoandikwa, kilichosemwa, na nani aliyeandika. Hakunifariji, nami namshukuru kwa hilo. Aliomba daftari, akaliweka kando ya mifupa, akaweka penseli juu ya ukurasa wa kwanza na kidole juu ya ubavu ule wenye kinundu laini, na kuandika kwa muda mrefu.

Msichana wa vitumbua alinivuta kanga.

"Unasema nini na yeye? Dada alisema?"

Nilimwambia alisema.

"Kwa mudomo wake?"

Mara tatu, nikamwambia, na mimi ndiye niliyemsikia vibaya.

Nilitegemea anitukane. Alikaa chini, kando ya turubai, kama mtu aliyeambiwa basi limeondoka. Kisha akanieleza kwamba mjomba ana neno moja tu, na neno hilo ndilo lililowashinda mama yake na yeye miaka mitatu. Walipojaribu kusema kwamba shemeji alikuwa akimpiga dada, mjomba aliuliza: yeye mwenyewe alisema kwa nani? Dada alikuwa na mdomo, mjomba alisema, na angalitaka kushtaki angalishtaki.

Ijumaa tulimzika juu, katika mfuko wa brekifasi, ambao sasa ulikuwa umekuwa fasheni. Mume aliimba besi. Mama mtaalamu aliondoka siku hiyo hiyo na kuniachia daftari la kijani na nakala ya ripoti yake, ukurasa mmoja; nakala nyingine alisema ataipeleka mahali panapohusika. Aliniambia karatasi haina mdomo, na mimi ninao, ingawa una historia.

Mume alinikuta jioni ile sokoni nikichagua vitunguu. Habari husafiri haraka kwetu kuliko boti yake. Aliniamkia vizuri, akauliza watoto, akanisaidia kuchagua. Kisha akasema, kwa sauti ile ile ya vitunguu:

"Mama mukalimani, weye uko mutu wa akili. Ukisema mbele ya batu kama ulidanganya Kibemba, nani atakupatia tena kazi? Batakucheka mupaka Pweto."

Alikuwa sahihi kabisa. Nilitembea nyumbani nikifikiria jinsi alivyo sahihi. Nimelea watoto watatu kwa kutafsiri, katika baraza za machifu, mikutano ya makanisa, ugomvi wa nyavu, na mkalimani ana kitu kimoja tu cha kuuza. Usiku ule sikuandika chochote kwenye daftari, jambo ambalo kwangu ni sawa na kuumwa.

Kikao kilifanyika uani kwa mjomba, kwenye viti vya plastiki vilivyoazimwa kanisani. Mjomba alikaa katikati, mzee mwembamba mwenye redio mapajani, iliyozimwa. Shangazi wawili walikaa mkekani. Mume alikaa na ndugu zake wawili, wote kwa suti. Msichana alikaa nyuma ya mama yake, na kwa kuwa ndiye aliyejadiliwa, hakuna aliyemtazama.

Mume alitangulia, kwa Kibemba kizuri cha taratibu. Alisema amengoja miaka mitatu, hajatukana mtu, hajaacha kanisa. Nilipopewa nafasi nilisoma ripoti na kuitafsiri mstari kwa mstari, na safari hii nilikuwa nimeipitisha kwa mwalimu mstaafu jirani yangu ili pasiwe na neno la kubahatisha. Shangazi mmoja alipapasa mkono wake mwenyewe niliposema mahali ulipovunjika. Mume alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja: karatasi inasema ni nani? Nikajibu haisemi. Akaitazama jamii yote kwa huzuni, akasema mke wake alianguka mara nyingi, Mungu anajua, na sasa mifupa ya watu imekuwa gazeti.

Mjomba alitikisa kichwa kukubali. Akasema neno lake. Kama alikuwa akipigwa, alisema kwa nani?

Nikasema alisema kwangu.

Nikatoa daftari la kijani na kueleza yote niliyoyaeleza hapa, kwa mpangilio huu huu: kwamba niliomba kazi kwa uongo, kwamba sikujua Kibemba, kwamba alikuja mara tatu nami nikamwandikia maumivu. Ndugu mmoja wa mume alianza kucheka kabla sijamaliza, akiwaambia wenzake kwa sauti kwamba Mkongomani huyu amekuwa akila pesa za bure. Mjomba alimnyamazisha kwa kuinua redio.

"Rudia alivyosema," akaniambia. "Usitafsiri."

Nilirudia. Balanguma pa mbafu. Balanguma pa kuboko. Balanguma pa mutwe. Nilisema kama nilivyoyasikia, na nilipofika la pili nilitambua kwamba nilikuwa nimeshika ubavu, kwa sababu ndivyo nilivyoyakumbuka. Lafudhi yangu ni mbaya hadi leo, na shangazi mmoja akaguna kicheko, kikamtoka tu. Halafu akajifunika mdomo kwa kitenge na hakukitoa tena.

"Mara ngapi?" mjomba aliuliza.

"Tatu, na muhuri upo."

"Basi alisema," mjomba akasema.

Mume alisimama kueleza kwamba mtu anaweza kusema lolote kwa nesi. Hakuna aliyemkatiza, na hilo ndilo lililomharibia, maana alieleza peke yake kwa muda mrefu, na katikati ya kueleza alisema kwamba mara ile ya kichwa hakumpiga kwa nguvu. Akaketi. Ndugu zake wakatazama viatu vyao, vilivyokuwa vipya.

Mjomba hakupaza sauti. Alimwambia shangazi mkubwa alete uzi na ushanga mweupe. Hii nayo ni desturi ya hapa: siku hizi, ukoo usiotaka kutoa mtu humfunga mume aliyefiwa ushanga mweupe mkononi, roho inaondoka, na kila mtu anakwenda zake. Mume aliujua ushanga huo na akarudisha mkono nyuma. Alisema ushanga ni wa wazee wasio na meno, yeye ni mwanamume mwenye boti, hawezi kurudi kwake na kishanga.

"Huu ushanga ndio mke tuliye naye," mjomba akasema. "Ukimvunja, okota vipande."

Alifungwa ushanga. Shangazi alikaza fundo mara mbili zaidi ya inavyotakiwa.

Waliondoka bila kula, na hapa mtu akiondoka kwenye kikao bila kula, kesi imekwisha. Mama yake msichana aliingia ndani akakaa huko. Mimi nilibaki uani nikikunja ripoti. Kazi mbili nilizokuwa nimeahidiwa mwezi ule zilikwenda kwa mwingine, na bado kuna watu wakiniona sokoni hushika mbavu na kulia kwa Kibemba. Wanaigiza vizuri.

Msichana wa vitumbua alikuja akaanza kukusanya viti vya kanisa. Aliviweka kimoja juu ya kingine, akavihesabu, akanitazama.

"Sikushukuru, mayo," alisema. "Kama ulikuwa unayua Kibemba, leo ningekuwa na dada."

Nikamwambia ni kweli. Akanipa viti vinne, yeye akabeba sita, tukaenda kuvirudisha kanisani.